Wavu wa Dirisha la Tano

Kila asubuhi ya likizo, kabla hata chai haijachemka, Tepu alikuwa na kazi tatu. Alifagia ua, akajaza maji kwenye pipa, kisha akaenda kumfungulia Mkate milango ili apumue.

Mkate lilikuwa gari. Kwa miaka mingi lilibeba mikate kutoka kiwandani hadi madukani, mpaka baba yake Tepu alipolinunua likiwa limechoka na kupauka rangi. Baba alikuwa fundi wa madirisha. Gari halikuwa na hata dirisha moja kwa nyuma, naye akalikata matano: mawili kila ubavu, na moja dogo juu ya paa, lenye kona za mviringo, la kufunguka kama kifuniko cha sufuria. Akaweka kitanda cha mbao, rafu na jiko dogo, likawa gari la kulala. Harufu ya mikate tu ndiyo iliyogoma kutoka. Ukiingia humo na njaa, shauri lako.

Msichana huyo aliitwa Tepu kwa sababu tepu ya kupimia haikumtoka mfukoni. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na alikwisha kupima kila kitu pale nyumbani, pamoja na mkia wa paka na pua ya mdogo wake. Mdogo wake huyo aliitwa Kasuku, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Alikuwa na miaka minane na mdomo usiolala.

Asubuhi hiyo Tepu alifanya kazi zake mbio mbio. Ilikuwa imebaki siku moja tu! Kesho yake alfajiri familia nzima ingeondoka na Mkate, mwendo wa siku mbili, hadi ziwani anakoishi mdogo wake Bibi. Wazee hao wawili walikuwa hawajaonana kwa miaka kumi na mmoja. Walisikilizana kwenye simu tu, na kila mara mmoja alikuwa akimwambia mwenzake, "Sema kwa sauti, naona unazidi kuwa mbali."

Lakini kulikuwa na jambo moja. Mama alikuwa muuguzi, na Bibi alikuwa mama yake mzazi mwenye ugonjwa wa shinikizo la damu. Siku tatu nyuma Mama alikuwa ameingia ndani ya Mkate saa saba mchana, akatoka baada ya dakika mbili akijipepea kwa mkono.

"Hili si gari, ni tanuri," alisema. "Mama yangu halali humo."

"Si lilikuwa gari la mikate?" Bibi alicheka. "Basi linataka kunioka na mimi. Nikiiva mtanipaka siagi."

Mama hakucheka. Alitundika kipimajoto ukutani ndani ya gari. "Sikilizeni. Siku moja kabla ya safari, saa saba mchana, tutakisoma. Kikizidi nyuzi thelathini, Bibi anabaki kwa jirani. Na madirisha hayafunguliwi bila wavu. Huko ziwani mbu ni wengi kama mchanga."

"Nyavu nitashona mimi!" Tepu alidakia.

Na kweli alishona. Bibi alikuwa amemfundisha cherehani tangu akiwa na miaka tisa. Baba alimletea kitambaa cha wavu na ukanda wa sumaku, ule mweusi unaokatika kwa mkasi. Sumaku ilishonewa ndani ya pindo, na ukiuweka wavu kwenye bati la gari, unang'ang'ania wenyewe, tap! Madirisha manne ya ubavuni yalikuwa ya pembe nne, na Tepu aliyamaliza kwa siku mbili.

"La juu lisubiri," Baba alimwambia. "Lina kona za mviringo, tepu peke yake itakudanganya. Nikitoka kazini nitakuonyesha namna ya kulichora kwenye kadibodi."

Lakini Baba alichelewa kurudi, na Tepu hakuwa mtu wa kusubiri. Aliutazama uwazi wa paani, akaukadiria kwa macho, akakata kipande cha mwisho cha kitambaa. Alipokishona na kukiweka, kikawa pungufu. Vidole viwili vizima! Kitambaa kingine hakikuwepo. Aliukunja wavu ule mfupi, akauchomeka chini ya godoro la gari, akafunga dirisha la paani na kulikaza.

"Manne yanatosha," alijiambia.

Siku ya kipimo ndiyo hiyo sasa. Saa sita na nusu jua lilikuwa limesimama juu ya ua kama mtu anayedai haki yake. Tepu aliingia kwenye gari peke yake. Nyavu nne zilikuwa zimenyooka vizuri, madirisha yako wazi, na juu ya kioo cha mbele, kwa ndani, ametandaza karatasi ya kung'aa ya kuzuia jua. Akasoma kipimajoto.

Thelathini na nne.

Akilini alimwona Bibi amekaa kwa jirani, mkoba wake uliofungwa tangu wiki iliyopita ukiwa miguuni. Akatazama huku na huku. Pale rafuni lilikuwepo dumu la maji ya baridi, limetoka kwenye jokofu muda huo huo, likitoa jasho. Alikitungua kipimajoto na kukiegemeza kwenye dumu. Uzi mwekundu ukaanza kushuka. Alipoona umefika ishirini na nane, akakirudisha ukutani haraka na kuita kwa sauti, "Mama! Njooni, saa imefika!"

Mama alichungulia mlangoni. "Ishirini na nane? Wewe!"

"Ishirini na nane!" Kasuku alipokea na kukimbia kuzunguka ua. "Bibi anakwenda! Bibi anakwenda!"

Baba, aliyekuwa likizo kuanzia siku hiyo, alimpigapiga bintiye begani. Bibi alitoka jikoni anacheza, mikono ameinua juu, mpaka kilemba kikamlegea.

"Nilijua mjukuu wangu hawezi kuniacha," alisema. "Basi leo usingizi wa mchana naulala humo humo. Nianze kuzoea nyumba yangu."

Kabla Tepu hajafungua mdomo, Bibi alikwisha kupanda na mto wake kwapani. Mama alimfungia mlango ili nzi wasimsumbue, akarudi ndani kupanga nguo. Baba na Kasuku waliingia chini ya gari kukagua magurudumu, Kasuku akiimba.

Tepu alibaki amesimama uani. Aliutazama mlango wa gari. Akaona mkono wa Bibi dirishani ukijipepea kwa gazeti, haraka haraka, kisha polepole, kisha ukashuka.

"Bibi!"

Aliufungua mlango kwa nguvu. Bibi alikuwa amekaa kitandani, uso unang'aa kwa jasho, anajifuta shingo kwa kilemba.

"Bibi, toka! Toka nje tafadhali!"

"Nitoke nini na ndiyo kwanza nimeingia? Ni joto kidogo tu."

"Si kidogo! Ni thelathini na nne! Nilikipoza kipimajoto kwenye dumu!"

Kuimba kwa Kasuku chini ya gari kulikatika. Mama alikuwa ametokeza mlangoni na shati mkononi. Alimteremsha Bibi, akamketisha kivulini, akampa maji na kumshika kifundo cha mkono, akihesabu mapigo ya moyo. Tepu aliona midomo yake ikihesabu, na hakuwahi kuona hesabu ndefu kama ile.

"Hajambo," Mama alisema hatimaye.

"Ndiyo maana kipimajoto kilikuwa kimelowa!" Kasuku alisema akitoa kichwa chini ya gari. "Mimi niliona! Nikadhani kinatoka jasho."

"Kasuku, nyamaza," Baba alisema. Kisha akamgeukia Tepu. "Kuna kingine?"

Tepu aliingia garini na kutoka na wavu mfupi. "Nilikata kwa macho. Sikukusubiri. Ndiyo maana dirisha la paani nimelifunga."

Baba aliupokea, akaunyoosha. Tepu alisubiri sauti ya ukali, lakini Baba aliitazama saa yake tu. "Ni saa saba na dakika ishirini. Jua bado ni lile lile. Mama Tepu, kipimo kinaweza kurudiwa?"

Mama alifikiri. "Hadi saa tisa. Na safari hii kipimajoto nitakitundika mimi."

Pale ua uliwaka kwa kazi! Kasuku alitumwa kutafuta boksi la sabuni. Baba alimpandisha Tepu kwenye ngazi, akamwonyesha: kadibodi unaiweka juu ya uwazi, unaisugua kwa kidole gumba kuzunguka ukingo wote mpaka alama itokee, kisha nje ya alama unaongeza vidole viwili vya kukalia sumaku. Kona zote nne zilijichora zenyewe. Tepu alibaki kinywa wazi. Tepu yake ya mfukoni isingeweza hilo kamwe.

"Wavu bado ni mfupi, Baba."

"Hilo niachieni mimi," Bibi aliita kutoka kivulini. Alichana kipande cha shuka la zamani, la maua ya buluu. "Uzungushie pindo pana la shuka. Wavu utakaa katikati kama picha kwenye fremu. Na usiende mbio, sindano haina breki."

Tepu alishona polepole, ulimi nje, akifuata kadibodi. Saa nane kasoro robo alipanda tena ngazi, akafungua dirisha la paani na kuuweka wavu. Tap! Hakuna hata tundu la mbu mmoja.

Baba alichukua kipande cha uzi, akakishika chini ya dirisha lile. Uzi ulining'inia. Kisha ukatikisika, ukainuka, ukaelekea juu kana kwamba kuna mtu anauvuta.

"Uzi unapanda!" Kasuku alipiga kelele. "Unapanda wenyewe!"

"Hewa ya moto hupanda," Baba alisema. "Ilikuwa imejazana hapa juu bila njia. Sasa inatoka, na ya baridi inaingia kwa madirisha ya chini."

Mama alikitundika kipimajoto katikati ya gari, mbali na kila kitu. Wote wakakaa nje kusubiri, na kila baada ya muda Kasuku alitumwa kusoma.

"Thelathini na tatu!"

"Thelathini na mbili!"

"Thelathini na moja!"

Halafu ikakwama. Saa nane na nusu, thelathini na moja. Saa tisa kasoro robo, ile ile.

"Mama, thelathini na moja si ni karibu thelathini?" Kasuku alibembeleza. "Tuseme tu thelathini."

Mama alimtazama Tepu. Moja tu! Lakini Tepu akatikisa kichwa. "Hapana. Moja ni moja."

Aliinuka, akalizunguka gari lote, akiligusa kwa kiganja ubavu kwa ubavu. Pande zote zilivumilika. Alipofika mbele, jua lilikuwa limehamia upande ule, na kioo kilikuwa kinaunguza. Karatasi ya kung'aa ilikuwa ndani, na kati yake na kioo kulikuwa na joto la kuchemsha chai.

"Baba! Karatasi iko upande usiofaa! Jua tunalizuia likiwa limekwisha kuingia!"

"Hebu ihamishe, tuone."

Tepu na Kasuku waliitoa, wakaitandaza nje juu ya kioo na kuibana kwa milango. Wakakaa tena. Safari hii hakuna aliyesema neno, hata Kasuku, na hiyo peke yake ilikuwa ajabu.

Saa tisa kamili Mama alipanda garini mwenyewe. Alikaa humo kwa muda mrefu kupita kiasi. Kisha sauti yake ikasikika: "Ishirini na tisa."

Kelele zilizofuata zilimwamsha hata mtoto wa jirani. Baba alimnyanyua Bibi nusu ya kimo, Bibi akimpiga mgongoni, "Niteremshe, nitavunjika kabla sijafika!" Kasuku alizunguka ua mara nne. Tepu alicheka huku analia, hakujua lipi ni lipi.

Mama alimketisha kando yake kwenye kizingiti cha gari.

"Mwanangu, wodini kwangu mgonjwa akija na homa, nikikipoza kipimajoto namba itakuwa nzuri, na mgonjwa atabaki anaungua. Kinachopozwa ni mgonjwa. Kipimajoto kazi yake ni kutuambia ukweli, hata ule tusioupenda, ili tujue pa kushika. Leo mchana uliuficha, ukakaribia kumwumiza mtu unayempenda. Ulipousema, ndipo kila mtu akajua la kufanya. Umeona ilivyochukua muda mfupi?"

"Nimeona, Mama. Nisamehe. Bibi, nisamehe."

"Mimi nimekwisha kukusamehe," Bibi alisema, tayari anapanda garini na mto wake. "Lakini usingizi wangu wa mchana bado ninaudai."

Akajilaza chali kitandani. Juu yake, ndani ya pindo la maua ya buluu, kipande cha mbingu kilionekana kupitia wavu, na ncha ya kilemba chake ilitikisika taratibu kwa upepo.