Tone la Klorini kwenye Shati la Buluu

"Wewe huna hata haya! Mtoto wa mbwa hajaacha kunyonya, tayari umemweka sokoni?"

Soko zima la Ijumaa liligeuka. Na lile soko la wanyama la Cairo haligeuki ovyo. Watu wake hawainui shingo hata nyoka akichomoka kapuni. Aliyekuwa akipiga kelele ni Hanadi binti Sabri, mhudumu wa makazi ya mbwa waliookotwa kule Shabramanti. Alivaa jaketi jeusi, hijabu rangi ya komamanga na raba zilizochoka, na kidole chake kilikuwa karibu kuingia puani mwa muuza mbwa.

"Dada, nunua au pita."

"Nipite? Nitapita na wewe mpaka kituoni!"

Kwenye meza ya jirani, kijana muuza sabuni za maji na klorini alikuwa anacheka mpaka mabega yanatikisika. Huyo ndiye Wagdi. Mrefu, kope ndefu kama za ngamia, vidole vimepauka kwa dawa.

"Na wewe unacheka nini?"

"Namcheka huyu. Miaka minne ananipigia kelele sikioni, leo kapata wa kumpigia yeye. Mpe mtoto wa watu huyo mbwa, bwana, kabla hajakumeza!"

Watu wakaangua kicheko, muuzaji akaona soko limemgeuka, akamsukumia Hanadi yule mbwa mdogo wa rangi ya ufuta. Hanadi akamwita Simsim papo hapo. Kisha akamnusa Wagdi waziwazi, mbele za watu.

"Unanuka hospitali."

"Na wewe unanuka mbwa. Tukae karibu, harufu zitapatana zenyewe."

Hanadi alijitahidi asicheke. Alishindwa.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi pikipiki ya magurudumu matatu ya Wagdi ilionekana langoni Shabramanti, imebeba klorini, na hata wiki ambazo ya zamani haijaisha. Angeweza kumtuma mtu, lakini wapi! Alikuja mwenyewe, kanyoa, kajipulizia manukato juu ya klorini, harufu ya ajabu kabisa. Akavaa glavu, akamfundisha Hanadi kazi.

"Kwanza mbwa watoke. Wote, na vyombo vyao vya maji. Pili, zoa mavi, osha mkojo kwa sabuni, suuza."

"Si tumwage klorini moja kwa moja, tumalize?"

"Mkojo na klorini vikikutana vinatoa hewa ya kuchoma mapafu. Na uchafu unaila dawa kabla haijafika kwa vijidudu. Osha kwanza. Halafu kikombe kimoja cha klorini, thelathini vya maji, uchanganye siku hiyohiyo. Iache dakika kumi. Suuza, kausha, ndipo mbwa warudi."

"Dakika kumi tunafanya nini?"

"Tunakunywa chai, kipenzi. Kwa nini unadhani naipenda kazi hii?"

Jioni ilikuwa zamu ya simu.

"Umekula?"

"Maharage."

"Na mbwa?"

"Kuku wa kuchemsha."

"Sasa nije nikuoe, au nije nifugwe?"

Mambo yakaenda haraka. Siku ikapangwa: Alhamisi, baada ya Magharibi, Wagdi na mama yake waende kwa Mzee Sabri, baba yake Hanadi, kusoma Fatiha ya uchumba. Wagdi akanunua shati la buluu, akalipiga picha likiwa bado kwenye henga, akamtumia Hanadi.

Kisha ugonjwa wa parvo ukaingia kwenye banda la watoto wa mbwa. Wanaojua mbwa wanajua: kutapika, kuharisha damu, na ule unyonge anaokutazama nao mnyama asiyejua kosa lake. Walikuwa kumi na mmoja. Ndani ya siku nne Hanadi akazika sita kwa mikono yake. Simsim alikuwa kwenye dripu, hainui kichwa.

Bi Shwikar, mwenye makazi, alikuja na miwani yake mikubwa na kitambaa puani. Mwanamke huyu hajawahi kushika fagio, ila kwenye picha za mtandaoni utadhani kazaliwa bandani.

"Daktari anasema klorini inaua ugonjwa huu," alisema. "Mbona haufi? Ni maji matupu anayotuletea mchumba wako. Na aliyemleta hapa ni wewe."

Hanadi alikwenda kuchukua chupa moja, akafungua, akanusa. Hakuna kitu. Akanusa ya pili. Hakuna kitu.  Akachukua simu.

"Wagdi, umeniuzia maji?"

"Salaam aleikum kwanza. Maji gani?"

"Sita, Wagdi! Nimezika sita! Mimi nakunywa chai na wewe dakika kumi, kumbe nasubiri maji yaue virusi!"

"Hanadi, Wallahi klorini yangu..."

"Usiape! Na Alhamisi msije."

Akakata.

Uliza mtaa wote wa Wagdi, watakuambia alivyovurugika. Kuitwa muuza maji! Yeye, ambaye wenzake walimcheka kwa kutotia maji! Siku mbili hakula. Na hakuthubutu kumwambia mama yake kwamba posa imevunjika. Basi Alhamisi mama kanyoosha shati la buluu, kamvalisha tangu mchana kama bwana harusi, na yeye katoka hivyohivyo, kimya, kapakia dumu jeusi la klorini ileile, kaelekea Shabramanti kugomba.

Harufu ilimpokea langoni. Kali, ya kukwangua koo. Bi Shwikar alikuwa na wageni wafadhili saa tisa, akanunua klorini kwingine na kuamuru imwagwe bila maji, harakaharaka, mkojo sakafuni, mbwa ndani. Hanadi alikuwa katikati ya banda la mbwa wakubwa, ndoo mkononi, machozi yakimtiririka, mbwa wakikohoa kama wavuta shisha.

"Weka ndoo chini! Toka!"

"Usinipe amri!"

"Nitukane nje! Fungua milango!"

Wakawatoa mbwa mmojammoja uani kwenye upepo. Wagdi akakamata mpira, akamwaga maji mengi sakafuni mpaka harufu ikalegea. Hanadi alikaa kwenye ngazi, anakohoa, lakini ulimi mzima.

"Ulinifundisha kimoja kwa thelathini, sita wakafa! Ningefanya nini?"

"Chupa zangu ziko wapi?"

Akanyoosha kidole. Juu ya ukuta wa nyuma, upande wa jua, zilipangwa chupa ishirini za maji ya kunywa, zile za kuona ndani ambazo Cairo nzima tunauziwa klorini humo. Zilikuwa ziking'aa kama taa.

Wagdi aliusogelea ukuta.

"Nani kaziweka pale?"

"Bi Shwikar. Hataki harufu stoo, wageni wanapita. Mzigo wako wote wa mwisho, wiki ya tatu sasa."

"Hata kama ziko ukutani," sauti ya Bi Shwikar ilitoka nyuma yao, "maji ni maji tu. Usituletee hadithi."

Wagdi alinyoosha mkono. Alishusha chupa moja, akavuta pindo la shati la buluu, akamimina tone. Wote wakatazama. Likalowa, basi. Kisha akafungua dumu jeusi, akadondosha tone jingine pembeni yake.

"Wagdi, shati!" Hanadi alipiga ukelele.

Buluu ikageuka hudhurungi hafifu, kisha nyeupe, doa la ukubwa wa jicho la ng'ombe.

"Zote nimezichanganya siku moja," Wagdi alisema akisuuza pindo. "Hii imekaa gizani. Zile zimepigwa jua wiki tatu, dawa yote imekufa, yamebaki maji ya chumvi. Na kosa langu lipo, Hanadi. Chupa za kuona ndani ni zangu. Nilikuambia zisikae na chakula, kivuli sikukitaja. Nilidhani kila mtu anajua."

Hanadi alisimama polepole. Alimgeukia Bi Shwikar.

"Sita! Wamekufa sita ili wageni wako wasisikie harufu! Na leo ungewaua mbwa wakubwa ili wageni hao hao wakute sakafu inang'aa!"

"Angalia ulimi wako. Kazi hii unaweza kuikosa."

"Nifukuze kesho. Leo nina mabanda ya kuosha."

Gari la wageni lilipofika, lilimkuta Hanadi kasimama langoni kama boma. "Hakuna anayeingia. Ndani kuna parvo, itaondoka na viatu vyenu. Mkitaka kujua imesambaaje, muulizeni mwenyewe, yule mwenye miwani." Bi Shwikar alikimbilia pembeni kupokea simu ambayo haikuwa imelia.

Wakaosha. Sabuni, suuza, kikombe kimoja kwa thelathini. Katika zile dakika kumi hawakunywa chai.

"Nilikuita muuza maji," Hanadi alisema.

"Mbele ya Mungu na kampuni ya simu."

"Nisamehe. Na Magharibi njooni, Baba sijamwambia kitu."

"Nitafikiria. Nina dakika sita."

Kwenye chumba cha wagonjwa, Simsim alikuwa kanyanyua kichwa, analamba maji ya kijiko.

Magharibi ikaadhiniwa. Sebuleni kwa Mzee Sabri watu walijaa mpaka mlangoni, maana majirani wa Hanadi hawakosi jambo. Na Mzee Sabri, miaka thelathini mpiga pasi, macho yake hayaangalii sura ya mtu kwanza, yanaangalia nguo. Mama Wagdi alikuwa kajifunika uso kwa aibu.

"Kijana," mzee alisema. "Unakuja kumposa binti yangu na shati lenye doa?"

Wagdi alifungua mdomo. Pazia la jikoni likamtangulia, na Hanadi akatoka na sinia la sharubati, macho bado mekundu.

"Doa hilo ni langu, Baba. Usimpige pasi kwa maneno. Soma Fatiha."