Jicho Alilolifumba Sarjono

Rafiki yangu Sarjono, mchezesha vikaragosi vya kivuli wa mji wa Klaten, aliiba kikaragosi cha ngozi ya nyati alichokichonga marehemu mwalimu wake. Kwetu jicho hutobolewa mwisho, maana hapo ndipo kikaragosi huanza kuona. Sarjono akaliziba kwa gundi, kisije kikamtambua mwizi.

"Kirudishe, mwanangu," mjane wa mwalimu alimsihi. "Mume wangu hakuwa mtu wa kusamehe."

"Basi na aje, mama! Nitampikia kahawa."

Jioni alifanya mazoezi peke yake, kati ya taa na ukuta mweupe. Akasikia patasi ikikwaruza ngozi, kwaru, kwaru, karibu na sikio lake. Akakitazama kikaragosi: jicho bado limezibwa. Akatazama ukutani. Kivuli cha kikaragosi kilikuwa cheusi tii. Kando yake, kwenye kivuli cha kichwa cha Sarjono, palipo jicho, palikuwa na tundu la mwanga.