Binamu Aliyekuja Jumamosi

Jumamosi ile saluni ilijaa kama kawaida. Feni ilizunguka bila kumpoza mtu, redio ilijisemea peke yake, na Mama Pacha alikuwa akimvuta mteja nywele za kisogoni huku akimwambia avumilie, urembo haujawahi kuwa na huruma. Kiti kimoja tu kilikuwa kitupu. Dada Vidole, msusi aliyepewa jina hilo kwa wepesi wa mikono yake hadi wateja wakasahau jina lake halisi, alikuwa amekilinda tangu asubuhi. Kila aliyetaka kukikalia aliambiwa, "Samahani mpenzi, kina mwenyewe."

"Huyo binamu yako wa mtandaoni," Mama Pacha akasema, "akija na begi la nguo, ujue hujapata ndugu. Umepata mpangaji."

"Amesema atakuja, atakuja."

"Haya. Mimi simo."

Vidole hakucheka. Mwaka uliotangulia alikuwa amemzika mama yake, na pale kaburini ilipazwa sauti kwamba ndugu wa damu wa marehemu wasogee mbele. Akasogea yeye. Akageuka kutazama nyuma. Majirani walikuwepo, wateja walikuwepo, hata muuza mkaa alifunga biashara akaja, na Mungu awabariki wote. Lakini hakuna mwingine aliyesogea. Tangu siku hiyo hakuwa na ombi jingine duniani: mtu mmoja tu wa damu yake, hata awe wa mbali vipi, wa kumwita ndugu.

Akaanza kutafuta. Aliwahoji vikongwe wa mtaa aliokulia mama, akapekua kumbukumbu za ofisi ya vizazi na vifo mpaka karani akamzoea, akachora mti wa ukoo ukutani kwake kwa chaki ya mshonaji. Matawi yote yalikuwa yamekauka. Lilibaki moja tu, lile lililokatwa.

Hadithi yake mama alikuwa akiisimulia kwa sauti ya chini. Mama wa bibi yake Vidole alikuwa na mdogo wake wa kike, mjane mwenye shamba zuri. Ikapita homa, ikachukua watoto wa ukoo mmoja baada ya mwingine. Wanaume wakaketi kikao, wakaulizana: kwenye misiba hii, nani hakulia vya kutosha? Basi. Huo ndio ulikuwa ushahidi wote! Yule mjane alilia kimyakimya, kwa hiyo ni mchawi. Angelia kwa nguvu wangesema anajifanya. Angebaki nyumbani wangesema anajificha. Hukumu ilikwisha kutolewa, ilikuwa inatafuta kosa la kujishikiza, na wala hakuna aliyeona ajabu kwamba waliohukumu ndio waliogawana shamba.

Wakamfungia ghalani wasubiri kuche. Kulipokucha kufuli lilikuwa mahali pake, mlango umefungwa, na mwanamke hayupo. Mnaona? wakasema. Kayeyuka. Jina lake likakatazwa midomoni, na uzao wake, kama aliupata, ukawa kama haukuzaliwa.

Lakini damu haina adabu ya kutii vikao. Upande ule wa ukoo wana alama: nywele zao hazizunguki mahali pamoja utosini kama za watu wengine. Zinazunguka mahali pawili, ubavu kwa ubavu, kama maji yanayoingia mashimo mawili. Vidole anavyo vizunguko hivyo, mama yake alikuwa navyo. Akaandika habari hiyo kwenye kundi la mtandaoni la watu wanaotafuta jamaa waliopotea. Akasubiri wee, mpaka akakata tamaa. Ndipo msichana mmoja akajibu: *Bibi yangu anavyo, na mimi ninavyo. Jumamosi nitakuja unisuke, ujionee kwa vidole vyako. Ahadi ni deni.*

Na Jumamosi akaja.

Hakuna aliyeona mlango ukifunguliwa. Vidole aliinua macho, akamkuta amesimama kando ya kiti, binti mwembamba mwenye kitambaa kichwani na mikono iliyotulia kupita kiasi.

"Nimechelewa?"

"Hata kidogo, mdogo wangu. Kaa, kaa! Nimekulindia kiti mpaka wamenichukia."

Binti akakaa. Vidole akafungua kitambaa, akapitisha ncha za vidole utosini. Kimoja. Na pembeni yake, cha pili. Machozi yakamlenga, akajifanya anatafuta kitana.

"Nisuke ile ya kwenu," binti akasema.

"Ipi?"

"Inayoanzia pawili, ikakutana kisogoni."

Mtindo ule mama yake Vidole alifundishwa na mama yake, naye na mama yake. Vidole hakuwahi kumsuka mteja yeyote mtindo ule. Wala hakuwa ameuandika popote.

Alianza kusuka. Kichwa kilikuwa baridi, baridi ya bomba la maji asubuhi, na hakikupata joto mikononi mwake hata alipokaa nacho muda mrefu. Nyuma ya sikio la kulia vidole vyake vikagusa mshono. Nyuzi mpya, ngumu, zimekaza ngozi.

"Pole. Nini hiki?"

"Niligongwa."

"Inauma nikipita hapa?"

"Hainiumi tena."

Hata hivyo Vidole akaupinda mstari, akauzungusha mbali na jeraha, kama mtu anayepisha mtoto aliyelala njiani.

"Mh, kichwa hiki hakisemi!" Mama Pacha akachomekea. "Wenzako hapa hulia kama wanang'olewa jino."

Binti hakucheka, hakugeuka. Hakukohoa. Vidole alikuwa amezoea kuhisi mapigo madogo ya damu kwenye mapanja ya wateja wake. Pale hakuhisi kitu. Akajiambia ni vidole vyake vimechoka.

Alipomaliza, binti alifunga kitambaa, akamwelekeza kwao: nyuma ya karakana ya magodoro, nyumba yenye lango la kijani.

"Njoo kesho. Bibi amekungoja maisha yake yote. Kutakuwa na watu wengi, lakini usiwaogope. Usichelewe, adhuhuri ikipita nitakuwa nimeondoka."

"Unasafiri?"

"Ndiyo, dada."

*Dada.* Vidole alibaki na neno hilo kifuani kama mtu aliyepewa mtoto ambebe. Alipochukua ufagio kufagia chini ya kile kiti, sakafu ilikuwa safi. Akatazama kitana. Hakikuwa na unywele hata mmoja.

Jumapili alivaa gauni lake la heshima. Karakana ya magodoro aliiona, lango la kijani aliliona, na watu wengi kweli walikuwepo. Wameketi kwenye viti vya kukodi. Wanawake wamejifunga vichwa. Hakuna aliyekuwa akicheka.

"Samahani mama, kuna nini hapa?" akamuuliza mwanamke wa karibu.

"Mjukuu wa Bibi. Gari lilimgonga Alhamisi, hakufika hata wodini. Maskini, alikuwa mwema kuliko sisi sote."

Vidole akasema moyoni, basi mdogo wangu yumo ndani analia. Amefiwa na dada, au na kaka. Nikamshike mkono. Akaingia.

Jeneza lilikuwa sebuleni, wazi.

Alimtambua kwa nywele kabla ya kumtambua kwa uso.

Mistari ilianzia pawili. Ilishuka sambamba. Nyuma ya sikio la kulia ilipinda, ikapisha jeraha, ikarudi njiani. Kazi yake. Mkono wake. Hata ule mkazo wa mwisho wa mafundo, wake.

Wanawake waliomvalisha marehemu walikuwa wakinong'ona ukutani.

"Nani kamsuka?"

"Tumemchukua mochwari leo, tumemkuta hivyo."

"Alhamisi nilimwona mwenyewe, kabla hawajamshona huko mochwari. Nywele zilikuwa timutimu, zimejaa damu."

"Sasa nani?"

Fundi yeyote akiona kazi yake mahali asipoitarajia, mdomo humtangulia. Vidole akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka.

"Ni mimi."

Vichwa vyote vikageuka.

Baba mkubwa wa marehemu, mwanamume mpana mwenye kifimbo, akasimama. "Lini?"

"Jana. Saluni kwetu. Alikuja..."

"Jana huyu mtoto alikuwa kwenye jokofu la mochwari. Ulifikaje humo?"

"Sikufika. Yeye ndiye aliyekuja."

Vidole alijua kosa lake palepale. Neno lilitoka kwa mmoja, likadakwa na wa pili, likajaa sebule nzima. Mchawi. Na ni akina nani hao waliokuwa wakilitamka? Wajukuu na vitukuu wa mwanamke aliyepoteza shamba, ndugu na jina lake kwa neno hilohilo! Ungedhani lingewaunguza ulimi. Wapi. Lilitoka laini, kana kwamba lilikuwa limewekwa akiba.

Mtu akafunga mlango wa mbele. Mwingine akauliza mafuta ya taa yako wapi.

"Nileteeni."

Ilikuwa sauti ya kizee. Bibi mwenyewe, mdogo wa umbo, aliyekuwa ameketi kichwani pa jeneza muda wote. "Mleteni chumbani kwangu. Nitamhoji peke yangu, kisha nitawaita. Msiba huu ni wa nani? Si wangu?"

Hakuna aliyethubutu kumbishia siku ile. Mlango wa chumba ukafungwa, komeo likashuka. Bibi akamkalisha Vidole kitandani, akamvua kilemba, akapitisha vidole utosini. Kimoja. Cha pili. Mikono ile ilikuwa na joto. Ilikaa pale.

"Aliniambia ataniletea ndugu," Bibi akanong'ona. "Mtoto huyu hakuwahi kunidanganya."

"Bibi, naapa sijamroga mtu."

"Najua. Na mama yangu hakumroga mtu. Kwenu mliambiwaje? Kwamba aliyeyuka?"

"Kwamba tulimfukuza. Kwamba tulimfungia, akayeyuka."

"Kufuli lilikuwa na funguo mbili. Wa pili alikuwa nao dada yake. Akamfungulia, akafunga tena, akarudi kulala. Asubuhi ndiye aliyepiga yowe kuwashinda wote: kayeyuka! Wakaamini, hawakumfuata. Dada mtu huyo ni mama wa bibi yako."

Vidole akashika mdomo. Maisha yote alikuwa amebeba aibu ya ukoo uliofukuza. Nje, kifimbo kiligonga mlango mara moja.

"Waambie basi, Bibi. Waambie mimi ni wenu."

"Nikiwaambia watasema uchawi uko kwenye damu. Watamaliza na wewe, waanze na wasichana wangu waliobaki. Unawajua watu wakishatishika?"

Bibi alikuwa tayari amefungua mlango mdogo wa nyuma, uliotokea kwenye uchochoro wa karakana.

"Usirudi. Usiandike. Usitutafute tena."

"Bibi, ndiyo kwanza nimekupata."

"Hata mimi, mwanangu."

Akamkumbatia kwa nguvu ambayo mwili ule haukustahili kuwa nayo, kisha akamsukuma nje. Vidole alikimbia kati ya marundo ya sponji, kichwa wazi, viatu mkononi. Nyuma yake akaisikia sauti ya kizee ikipanda, kali, ya kweli kabisa.

"Jamani! Njooni! Kayeyuka!"

Yowe likafuata. Ndivyo alivyookolewa: kwa kufanywa mchawi mbele ya ndugu zake wote. Mpaka leo, nyuma ya lango lile, watoto hutishwa kwa habari zake.

Jumatatu alifika kazini. Alisema tu kwamba alimkuta binamu amefariki. Mama Pacha, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, alikosa utani. Akazunguka nyuma amsugue mabega. Mikono yake ikasita.

"Shoga. Nani kakusuka?"

"Hakuna. Tangu mama afe sijasukwa."

"Sasa huu ni nini?"

Vidole akapeleka mkono kisogoni. Chini kabisa, mahali ambapo msusi hawezi kujifanyia mwenyewe, palikuwa na mstari mmoja. Mwembamba, umenyooka, mbichi bado, unavuta ngozi. Mama Pacha akauangalia kwa karibu, akarudi nyuma hatua, akajifuta vidole kwenye aproni. "Baridi," akasema.

Alitaka kuufumua. Vidole akakataa.

Nywele za kusuka hulegea, huo ndio uhai wa kazi ya msusi, la sivyo asingekuwepo mteja wa kurudi. Miezi imepita. Mstari ule haujalegea. Kila akiamka anaukuta umekazwa upya, na mafuta kidogo pembeni, kama ya mtu aliyeketi nyuma yake kwa utulivu mpaka akamaliza.

Mti wa ukoo ameufuta ukutani. Hatafuti mtu tena, kama alivyoagizwa. Siku hizi hulala kifudifudi, kola ya gauni lake la kulalia ameikunja kuelekea chini, kisogo kikiwa wazi.