Kabari ya Mlango wa Květa

Haya yalimpata Radovan, jirani yangu hapa Brno. Tangu amzike mkewe Květa, mlango wa chumba cha marehemu ulikuwa ukifunguka wenyewe, basi akaamua kuchapa kabari ya kuuzuia kwa mashine yake inayojenga vitu vya plastiki tabaka kwa tabaka. Kila kabari ilipofika katikati, ilisikika tak, na tabaka za juu zikahamia kushoto, upande wa mlango ule.

"Mkanda wa mashine umelegea, kaka, kama wewe," dadake, Drahomíra, alimtania kwenye simu.

Akaukaza. Tak.

"Basi igeuze. Kama kosa ni la mashine, litageuka nayo."

Akaigeuza, kushoto kwa mashine kukatazama ukuta. Akakaa na kahawa iliyopoa, hana hofu wala machozi.

Tak.

Safari hii tabaka zilihamia kulia, upande wa mlango ule ule.