Nilikionyesha Madhabahuni, Ndugu Yangu Akakiandikisha kwa Jina Lake

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na sita, mgane, Mkenya wa Kitale ninayeishi Kisenyi hapa Kampala. Jina langu ni Wanjala. Nalitaja mapema, wasomaji wenzangu, kwa sababu mkasa huu wote ni wa jina hilo, na wa mtu aliyetaka lisionekane popote...

Sikusoma sana. Nilimaliza kidato cha nne, nikaingia barabarani. Nimefanya kazi Nakuru, Mwanza na Juba, na kila mji niliouacha niliukumbuka kuliko nilivyoupenda nilipokuwa ndani yake. Mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kunituliza. Alikuwa mke wangu, Nasimiyu.

Nasimiyu aliugua moyo. Vali moja ilikuwa imesinyaa. Madaktari walijaribu kuifikia kwa mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa pajani mpaka ndani ya moyo. Mrija ulifika karibu, ukakataa kukata kona ya mwisho. Walijaribu, wakajaribu tena... Mimi nilirudi nyumbani na kanga zake kwenye mfuko wa plastiki.

Kona moja tu! Mtu anakufaje kwa sababu ya kona?

Kitale ikawa haikaliki. Nilivuka mpaka nikaja Kampala, nikapata kibanda Kisenyi, katikati ya magereji, nikaanza kutengeneza nyaya za klachi na breki. Ni kazi ninayoipenda. Waya unateleza ndani ya ala yake; unavuta huku, kitu kinageuka kule usikokuona.

Ndipo nikakutana na Ssemakula. Alikuwa fundi wa vifaa vya hospitali, kijana wa Lubaga, mcheshi, mwenye akili nyingi, na hilo silifichi hata leo. Alikuwa akiniletea vitanda vya wagonjwa vilivyokatika nyaya. Tukazoeana. Akaanza kuniita muganda wange, yaani ndugu yangu kwa Kiganda. Krismasi nilikula matoke nyumbani kwa mama yake, na mama akanipa jina la kwao. Mtu wa kutangatanga kama mimi, akipewa jina mezani, anajiona amefika.

Siku moja Ssemakula alikuja na mpini mdogo wa plastiki wenye mrija. Akaniambia kwamba hicho ndicho kifaa cha kuongozea katheta, ule mrija mwembamba, ndani ya moyo. Ukivuta kitufe, ncha inapinda. Shida yake ni kwamba ukilegeza kidole, ncha inanyooka tena, na daktari anaanza upya.

Nilikivuta kitufe, nikakiachia, nikakivuta tena.

"Ssebo, umeona nini?" akaniuliza, akiniita bwana kwa Kiganda.

"Nimeona kona," nikamjibu.

Tulikifanyia kazi pamoja, na nitasema haki. Yeye ndiye aliyenifundisha moyo ulivyo ndani, vyumba vyake na milango yake, na ndiye aliyetafuta mirija. Lakini kufuli ya kuishika ncha ilikuwa yangu. Niliweka magurudumu mawili madogo yasiyolingana, moja likivuta waya wake huku jingine likiachia wake taratibu, na kibano cha kuyashika. Ukitoa kidole, ncha inabaki palepale ulipoipindia. Ssemakula alipoiona mara ya kwanza alinikumbatia, akasema yeye asingeifikiria hata angekaa mwaka mzima.

Tulijaribia kwenye moyo wa ng'ombe kutoka buchani. Jirani yangu ni mama Mnubi anayeuza chai na chapati, tunamwita Hajjati. Kila akipita alisimama kutuchungulia.

"Wanjala, moyo huo mnaufundisha dini au mnaupika? Kama mnaupika, mimi nina kitunguu."

Tulicheka. Enzi hizo tulicheka sana...

Sasa sikilizeni nilipoteleza. Kanisa letu ni la Wakenya tunaotafuta riziki hapa. Mara moja kwa mwaka tuna Jumapili ya kazi za mikono. Fundi cherehani analeta gauni, mpishi analeta sufuria, dereva analeta ufunguo wa gari. Unapanda madhabahuni, unawaeleza watu kazi yako, kisha wanaiombea. Kwetu, anayeificha kazi yake siku hiyo anaonekana kama anamnyima Mungu.

Mimi ningeleta nini kingine?

Nilipitisha mrija ndani ya bomba linaloonyesha ndani, lililopindapinda. Nikawaonyesha unavyokata kona. Nikatoa kidole, ncha ikabaki imepinda. Nikaeleza magurudumu yale mawili. Kisha nikasema, "Kama hiki kingekuwepo, Nasimiyu angekuwa amekaa pale, benchi la tatu." Kina mama walilia. Vijana wa kanisa walirekodi yote, wakaiweka kwenye ukurasa wa kanisa mtandaoni, dunia nzima ione.

Nilirudi nyumbani nimejaa furaha. Mguu ulikuwa umeteleza, na sikusikia hata kishindo.

Sikujua masharti ya hataza. Hataza ni haki ambayo serikali humpa mvumbuzi, ili mwingine asitengeneze wala kuuza kitu chake bila ruhusa. Lakini hutolewa kwa kitu kipya tu. Ukishakionyesha hadharani, sheria inakuachia muda mfupi wa kukiandikisha. Ukipita, umekitoa sadaka kwa ulimwengu.

Ssemakula alijua habari za hataza, na alikuwa ameniahidi tutaandikisha kwa majina yetu yote mawili. Kila nikimkumbusha alisema ngoja, anatafuta kwanza wenye mali wa kutushika mkono. "Haraka ya nini, muganda wange? Kifaa kina miguu?" Nikangoja. Miezi ikapita. Akapunguza kuja. Simu ikawa haipokewi. Nikasikia amehamia Naguru, mlimani kwenye nyumba nzuri.

Halafu mchana mmoja, nikiwa na chapati mkononi kwa Hajjati, nikamwona kwenye televisheni. Alikuwa amevaa koti jeupe. Mkononi ameshika kifaa changu! Mtangazaji alimwita mvumbuzi. Yeye akatabasamu, akasema alikibuni peke yake, baada ya usiku mwingi wa kufikiri, na kwamba maombi ya hataza yameshapelekwa.

Peke yake...

Nilikwenda Naguru. Sikukaribishwa ndani. Tuliongea getini, yeye ndani, mimi nje, kama mtu anayeuza mboga. Nilimuuliza jina langu liko wapi.

"Wanjala, wewe ulikuwa fundi wangu," akasema kwa upole, na upole ule ndio uliouma zaidi. "Nani anaandika jina la mwashi juu ya nyumba?"

"Na jina alilonipa mama yako?"

Alitazama chini. Kisha akafunga geti.

Nilirudi Kisenyi nikafungasha begi. Ndivyo nilivyofanya maisha yangu yote, mji ukiniuma nauacha. Nilikuwa nimeshafunga kibanda Hajjati alipoliona begi.

"Safari hii ni wapi? Kinshasa?"

Nikamwambia sijui.

"Basi nenda. Wewe mguu wako mmoja uko ndani ya basi tangu uzaliwe. Lakini mwizi akishakuchukulia mali, ukimwachia na mji, umempa nyongeza."

Nikaliweka begi chini. Nikafungua kibanda. Nilikaa na hasira yangu palepale nilipoibiwa, nikiendelea kukaza nyaya za watu.

Msidhani nilifanya lolote la ushujaa. Nilikaa tu. Kumbe kukaa kulitosha, maana siku moja bodaboda ilisimama mbele ya kibanda, akashuka Ssemakula. Amekonda. Akamwagiza Hajjati chai.

"Chai imeisha," Hajjati akasema, na birika linatoa mvuke mbele yetu sote.

Ssemakula akanieleza kilichomleta. Kuandikisha si kupewa. Maombi yake yalikuwa yamefika kwa mkaguzi wa hataza, ambaye kazi yake ni kupekua kama kitu hicho kimewahi kuonekana popote duniani. Mkaguzi alipekua. Akakuta video ya kanisa letu, ambayo Ssemakula hakuwahi kuiona! Mimi hapo madhabahuni, na magurudumu yangu mawili, muda mrefu kabla ya maombi kupelekwa. Ule muda wa sheria ulikuwa umepita, na aliyeupitisha ni yeye mwenyewe, kwa kunizungusha ningoje.

Sasa alitaka niseme kwa maandishi, mbele ya wakili, kwamba kile nilichokishika kanisani kilikuwa kitu kingine. Kifaa cha kuzibulia mabomba ya gereji. Nikisema hivyo, jina langu litaongezwa kwenye maombi kama mvumbuzi mwenza.

"Tutakuwa wawili, kama tulivyoahidiana," akasema. "Na fikiria wagonjwa, ssebo. Bila hataza wale wenye mali wanaondoka. Nani atakitengeneza?"

Sitawadanganya. Nilitamani. Jina langu, kwenye hati ya serikali! Mimi ambaye sijawahi kuwa na hata kibao mlangoni. Na la wagonjwa sikuweza kulipuuza, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake.

Nikamwambia anionyeshe hiyo video. Akaitoa kwenye simu. Nikajiona nikiwa na shati langu la bluu, nikilitaja benchi la tatu. Hajjati alikuwa amesogea, anatazama juu ya bega langu. Ilipoisha aliuliza swali moja tu.

"Ukisema kile kilikuwa cha kuzibulia mabomba, pale ulikuwa unamlilia nani?"

Hapo ndipo moyo wangu ulipopata kufuli yake. Nilimrudishia Ssemakula simu. Nikamwambia aliniita mwashi, nami nimekubali, na mwashi huyu hataikana nyumba aliyoijenga. Akaniomba. Akanitisha. Mwisho akasema nitajuta.

"Nimeshazoea kujuta," nikamwambia. "Kusema uongo juu ya mke wangu ndiko sijazoea."

Nilikwenda mwenyewe kwa mkaguzi, nimebeba kifaa kile cha kwanza kabisa, chenye mpini wa mbao. Alikuwa mama mtulivu mwenye miwani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakijaribu kwa mkono wake, akaitazama video tena. Kisha akaniuliza kama naelewa kwamba nikithibitisha ni kifaa kilekile, Ssemakula hatapewa hataza, na mimi pia sitapewa. Kitakuwa cha kila mtu.

Nikamwambia naelewa.

"Bado unataka kuthibitisha?"

"Ni kifaa kilekile, mama. Nilikitengeneza mimi."

Akakibakiza kifaa kama ushahidi, akakibandika karatasi yenye jina langu. Maombi yalikataliwa. Wenye mali wakamwacha Ssemakula kama walivyomfuata. Juzi nilisikia chuo kimoja hapa mjini kinajaribu kutengeneza kufuli ya aina ile, na hawahitaji kumwomba mtu ruhusa. Wakifaulu, heri kwao. Kama siku moja itamkatia mgonjwa kona ile ya mwisho, sitadai chochote... Lakini mtu asiniambie kwamba mimi nilikuwa mbeba matofali!

Wenzangu mnaobuni vitu kwenye vibanda vyenu, nawasihi. Kabla hujamwonyesha jirani, kabla ya harusi, kabla ya madhabahu, pitia kwanza ofisi ya serikali ukaandikishe. Usimngoje ndugu akuandikie, hata kama umekula kwa mama yake. Na kama umeshaibiwa, usiuhame mji. Kaa. Mwizi ataujua mlango wako siku atakapohitaji ukweli wako, na siku hiyo usimuuzie.

Mwaka huu Jumapili ya kazi za mikono ilifika tena. Nilipanda madhabahuni mikono mitupu. Watu wakanong'ona. Mchungaji akaniuliza, "Ndugu Wanjala, mwaka huu hujatuletea kitu?"

"Kipo, mchungaji," nikasema. "Kiko kwa mkaguzi, na jina langu limeandikwa juu yake. Mungu ameshakiona. Ninyi wengine mtangoja."

Kanisa zima lilicheka. Nikashuka, nikaenda kukaa benchi la tatu.