Sehemu ya Pili Ilikuwa Ngumu Zaidi

Siku ya mnada, duka la steshenari karibu na stendi ya Bariadi lilijaa watu, na mashine ya kuchapa ilikuwa moja tu. Nyanjige, afisa ugani wa pamba, alichukua karatasi zake akatoka haraka, gauni lake la kitenge cha bluu likiwa na vumbi mpaka magotini.

"Dada, samahani," sauti ya mwanamume ikamfuata. "Umebeba mtihani wa wanafunzi wangu. Mimi nimebaki na wako, na umenishinda."

Aligeuka. Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi vizuri, ametabasamu upande mmoja.

"Unafundisha nini?"

"Hesabu. Naitwa Mayala. Hii GRE ni ya nini?"

"Ya kuombea shahada ya uzamili nje. Nataka kusomea wadudu wa pamba. Lugha naiweza. Hesabu niliziacha kidato cha nne, na zenyewe hazikunililia."

Mayala akacheka. "Basi tuzirudishe nyumbani."

Wakawa wanakutana kila Jumamosi kwenye mgahawa wa mama Shida. Nyanjige aliogopa kufeli, Mayala akamwelewesha taratibu.

"Huu hauna kufaulu wala kufeli. Hesabu alama zinaanzia mia na thelathini, zinaishia mia na sabini. Lugha vilevile. Kila chuo kina macho yake. Na usiache swali tupu, kukosea hakukatwi alama."

"Na nikianza vibaya?"

"Hesabu zina sehemu mbili. Ukifanya vizuri ya kwanza, ya pili inakuja ngumu zaidi. Kwa hiyo ukiona imekuwa ngumu, usilie. Furahi."

"Mwalimu wa ajabu wewe. Unanifundisha kufurahia mateso."

"Nakufundisha kunivumilia, mpenzi."

Neno hilo lilimtoka bila kupanga. Nyanjige alikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeyeyuka zamani, lakini hakulikataa.

Miezi mitatu ilipita hivyo. Wiki mbili kabla ya mtihani, Mayala alifungua daftari la Nyanjige kusahihisha maswali, akakuta orodha ya vyuo vinne. Vyote vilikuwa ng'ambo. Alilifunga, akasema ana kikao shuleni. Jumamosi iliyofuata hakuja. Nyanjige akapiga simu.

"Nina kazi nyingi," Mayala alisema. "Kidato cha nne wanakaribia mtihani wa taifa."

"Sema ukweli. Umeona mimi ni mzito wa kuelewa, umechoka kunifundisha."

"Sijasema hivyo."

"Hujasema chochote. Ndiyo maana nakuuliza."

Mayala akarudia kuwa ana kazi nyingi. Nyanjige akakata simu, na usiku wa safari ya Dar es Salaam hakumwambia hata kwaheri.

Katika chumba cha mtihani, kila mtu alikaa na kompyuta yake. Insha ilimwendea sawa, lugha pia. Hesabu za kwanza alizipita kwa utulivu. Za pili zilipofunguka, swali la kwanza tu lilimshinda. Akalisoma mara tatu. Kisha akakumbuka, akatabasamu peke yake mbele ya skrini. Zimekuwa ngumu. Mwanamume aliyeamini kwamba yeye ni mzito asingemwandaa kwa saa hii.

Kompyuta ilimuuliza kama atume alama au azifute. Akatuma, zikatokea: lugha mia hamsini na saba, hesabu mia hamsini na nne.

Alipiga simu akiwa barabarani, jasho likimtiririka.

"Mayala, sehemu ya pili ilikuja ngumu."

"Wabeja," Mayala akasema kwa Kisukuma, akimshukuru Mungu au yeye, haikujulikana.

"Sasa niambie kilichokukimbiza."

"Niliona orodha yako. Vyuo vyote ng'ambo. Nikajiuliza namfundisha nani, mtu wa kuniacha?"

"Ungeuliza. Kozi ni miaka miwili. Na pamba ninayotaka kuiponya iko Simiyu, haiko huko."

"Niliogopa jibu."

"Mwalimu mzima unaacha swali tupu?"

Mayala alicheka mpaka akakohoa. Kesho yake Nyanjige aliposhuka stendi, Mayala alikuwa amesimama pale, kaka wa watu, kavaa koti katika joto lote lile.

"Nataka kukuoa, Nyanjige. Kabla hujaenda, au ukirudi. Chagua wewe."

"Na vyuo vikinikataa?"

"Utakuwa mke wa mwalimu wa hesabu, na mtihani utaurudia."

"Kabla sijaenda," akasema. "Lakini kijijini kwetu Mwamapalala utakwenda wewe mwenyewe, si mshenga, kumwona baba."

Jumapili wakaenda. Baba yake, Mzee Bujiku, aliwasikiliza kwa muda mrefu, akamuuliza binti yake huko ng'ambo ni umbali gani, kisha akamgeukia Mayala.

"Akienda miaka miwili, utamsubiri?"

"Nitamsubiri, baba."

Mzee akavuta kigoda karibu. "Basi kaa, tuzungumzie ng'ombe."