Viatu vya Kamba

Foleni ya buchani Jumamosi asubuhi haina adabu. Watu husukumana utadhani nyama inagawiwa bure. Msichana mmoja wa mwaka wa mwisho katika chuo cha tiba ya viungo, kavaa gauni la kijani na raba nyeupe zilizokwisha kukanyagwa mara tatu, alipofika mbele akaagiza kitu kilichowanyamazisha wote nyuma yake.

"Nataka kipande cha mgongo, hapa kiunoni. Utando usiuondoe."

"Ule mweupe? Dada, wenzako hunigombeza nikiuacha!"

"Mimi siendi kuupika. Nakwenda kuusoma."

Fundi wa kisu akacheka. Wateja walimwita Sarara, kwa jinsi alivyojua kuitoa nyama hiyo ya mgongo bila kuichana. Akakilaza kipande juu ya gogo, akapenyeza kidole.

"Tazama. Utando wenyewe si mmoja. Kuna tabaka la juu na la chini, nyama imelala katikati kama mto ndani ya foronya. Na kano hizi ngumu ndizo zinazofunga pingili na pingili. Hapa kisu changu hulia."

Kitabu kilikuwa kimemtesa msichana wiki nzima kwa mchoro uleule, na huyu bwana kamwelewesha kwa kidole kimoja! Akaondoka na nyama, na namba ya simu.

Wakapendana miezi saba, wakapendana kwelikweli. Kila mchana simu ililia.

"Dokta wangu, leo umemnyoosha nani?"

"Mzee mmoja mkali. Kanitukana mpaka nikacheka."

"Mwambie mchumba wako ana visu sita."

"Mchumba? Nani kakuchumbia wewe?"

"Ngoja nije kwenu, utaona."

Akaja kweli, lakini heri asingekuja. Shangazi, aliyemlea msichana tangu utotoni, alitandika zulia jipya, akapanga vikombe vya wageni. Sarara akafika na shati lililonyooshwa likanyooka, na viatu vyeusi vya kamba vinavyong'aa. Akasimama mlangoni.

"Vua viatu upite, mwanangu, karibu."

Sarara akavitazama viatu vyake. Jasho likamtoka usoni. "Ahsante, shangazi. Nina haraka kidogo. Siingii."

Akageuka na kwenda zake, hata chai hakuionja. Shangazi akakusanya vikombe kimoja kimoja, akavirudisha kabatini. Kuviona vikirudi vikavu kulimuuma msichana kuliko matusi.

"Nyumba yetu ina nini hata ushindwe kuvua viatu?" alimuuliza kwenye simu.

"Nisamehe, mpenzi. Nitakueleza."

Hakueleza. Wala hakupiga tena mchana. Siku ya nne msichana akapiga yeye, na akapokea mwanamke mwenye sauti nyororo.

"Huyu kalala hapa kwangu, na mikono yangu imejaa mafuta. Piga baadaye, mama."

Lo! Msichana alikaa kitandani na simu mapajani, akalia mpaka kichwa kikamgonga.

Jumatatu akaenda buchani kumpasha. Maneno alikuwa kayapanga yote, makali. Akajipanga foleni kama mteja, macho hayabanduki kwa Sarara. Mara kisu kikamponyoka kikaanguka sakafuni. Sarara hakuinama. Alishika gogo, akakunja magoti, akashuka mgongo umekakamaa kama mlango. Kupanda akaegemeza mikono kwenye mapaja, akajisukuma kidogo kidogo mpaka akasimama, midomo imemkauka.

Msichana alikuwa ameona wagonjwa wakiinuka vile wiki nzima. Hasira ikamwishia miguuni. Akapita upande wa pili wa meza bila kuomba ruhusa.

"Egemea hapo. Inua shati."

"Dokta, watu wanatazama."

"Watazame!"

Vidole vyake vikashuka, vikizihesabu pingili za kiuno. Kwenye ya tano, pale kano nene inapotoka kuushika mfupa wa nyonga, akabonyeza taratibu. Sarara akauma mkono wake asipige kelele.

"Tangu lini?"

"Wiki ya nne. Niliteleza na nusu ya ng'ombe begani."

"Na mwanamke wa mafuta?"

"Mchuaji! Bibi wa watu ana wajukuu tisa!"

"Mchuaji," msichana akarudia, machozi yakimlengalenga. "Na mimi nasomea nini? Ushonaji?"

"Wewe ungeniambia nipumzike. Na tajiri wangu, mwenye bucha, kasema asiyebeba mizigo hakati nyama. Ningekuja kwenu kuposa nikiwa sina kazi? Pale mlangoni nisingeweza kuzifikia kamba za viatu. Niliona aibu, mpenzi. Aibu tupu."

"Umepata jeraha la kano. Linapona, lakini polepole. Miezi mitatu usibebe kitu. Ukibeba, hata kisu utakiaga."

Nje lori la nyama likapiga honi. Tajiri akachungulia. "Sarara! Mzigo huo!"

Sarara akachukua kitambaa cha begani, akakikunja. Akamtazama msichana, aliyekuwa amekwisha kusema lake.

"Mgongo wangu umeumia, tajiri," Sarara akasema kwa sauti. "Siwezi kubeba."

"Basi acha koti la kazi hapo."

Akaliacha. Miaka sita ya kazi ikaishia kwenye msumari wa ukutani. Wakatoka pamoja, hatua za mzee, jua la saa nne likiwapiga usoni.

"Sasa sina kazi wala mgongo," Sarara akasema. "Bado nije kwa shangazi?"

"Njoo Jumapili. Na uvae viatu vilevile vya kamba."

"Nitavivuaje?"

"Nitakuvua mimi."

"Mbele ya shangazi?"

"Mbele ya shangazi," akasema, akamshika mkono kumvusha barabara.